Mzee Castory na Mchezo Usiokuwamo Kabatini

Baada ya miaka thelathini na moja mlangoni mwa Ukumbi wa Tumaini, hapa Gungu, Mzee Castory Ntahondi anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na tisa, akakabidhiwa ufunguo wa mlango mkubwa na amri moja: pazia likishafunguliwa, asiingie mtu mpaka sehemu ya kwanza iishe.

Amri hiyo aliishika. Lakini Mzee Castory hana roho ya kumwacha mtu akae bure. Waliochelewa, hasa abiria wa boti za kutoka Kagunga, aliwaketisha kwenye benchi barazani na kuwasimulia yaliyokwisha kutokea ndani. Alisimulia vizuri mno, hata watu wa Gungu hapahapa wakaanza kuchelewa makusudi. Mume wangu mpenzi Thobias, ambaye nimefunga naye ndoa wiki tano zilizopita, alikuwa mmoja wao. Ndivyo tulivyokutana, mimi nikiuza tiketi, yeye akiwa amechelewa na wala hana haraka.

Mwezi wa nne kamati ya ukumbi ilitaka kufuta Jumamosi ya michezo ya zamani, zibaki harusi tu. Mzee Castory aliumia. Aliomba jambo moja kabla hajaondoka: watazamaji waulizwe wanaijua michezo ipi. Kamati ikakubali. Ukipatikana hata mmoja unaojulikana na zaidi ya nusu yao, Jumamosi itabaki. Kazi ya kuuliza nikapewa mimi.

Niliuliza watu mia moja na ishirini. Tulitarajia wataje Posa Tatu, Hakimu wa Mlimani au Mjane wa Kibirizi, ambayo imechezwa hapa tangu zamani. Pale Katonga, Mama Rozalia alinijibu bila kuacha kugeuza dagaa wake: "Mimi naijua ile ya mjane aliyemshtaki mbuzi kwa kula barua ya posa. Wewe bibi harusi, unauzaje tiketi na mchezo huujui?"

Nilicheka. Jioni hiyo watu tisa wakaniambia vilevile. Mwisho wakafika themanini na mmoja. Tulipekua kabati lote la miswada. Mchezo huo haumo. Mwenyekiti wetu, Mama Jovita, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, hii ni fungate," akasema. "Nenda kapumzike, utauliza tena." Sikujua nimkasirikie nani.

Tukiwa mezani nyumbani, Thobias akanisimulia mchezo wote: mjane, mbuzi, barua. Nikamuuliza aliuona lini.

"Sijawahi kuuona," akasema. "Nilisimuliwa barazani."

Mzee Castory alipoitwa kwenye kikao alisimama ameshika kofia. "Mama Mwenyekiti, mlango ukifungwa mimi nasikia sauti tu. Waigizaji ni walewale, sauti ni zilezile. Nisiposikia vizuri, najaza."

Kumbe alikuwa amejaza mpaka michezo mitatu ikawa mmoja, na huo ndio mchezo unaojulikana mjini.

Kamati ilibishana saa nzima kama mchezo ambao haujawahi kuchezwa unaweza kuitwa wa zamani. Hadi leo sijaelewa walivyofikia uamuzi, ila Jumamosi imebaki. Sasa Mzee anasimulia, mimi naandika. Tumefika kwenye hukumu na hapo tumekwama. Ametupa hukumu nne tofauti, na kila moja anaapa ndiyo yenyewe. Thobias anakumbuka ya tano, ambamo mbuzi anashinda. Mwigizaji wetu Martini, anayeigiza mposaji, hajui kama anaoa au anakwenda jela.

Mchezo utaonyeshwa Jumamosi, siku mbili kabla Mzee hajakabidhi ufunguo. Atakaa ndani, kiti cha mbele kabisa, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Ameomba kitu kimoja tu: asiambiwe tumechagua hukumu ipi.

Asante sana, Mzee wetu, kwa kila uliyemkuta nje ukamfanya ajihisi yumo ndani. Tunakuombea wewe na mkeo, Mama Melania, afya njema, usingizi mzito wa mchana, na siku nyingi zenye raha nyumbani kwenu.