Mwalimu Qamara na Swali la Nyota Kubwa

Mzee Yoakimu Qamara anastaafu tarehe 30 Juni 1990, baada ya miaka kumi na tisa katika shamba letu la ngano. Alitoka Daudi, Mbulu, mwaka 1971, akakabidhiwa stoo ya vipuri. Madereva wanakumbuka kwamba alijua mkanda gani umekatika kwa kusikiliza tu kombaini ikirudi karakana. Meneja mmoja alinyimwa betri kwa kukosa hati. Akarudi ofisini kuiandika.

Jioni alifundisha sayansi darasa la watu wazima. Somo lililopendwa kuliko yote ni nyota. Alieleza kwamba wingu la gesi na vumbi hujivuta kwa uzito wake lenyewe, hubanana katikati na kupata joto, hadi nyota inawaka. Nyota ndogo hukusanya gesi kwanza, ndipo iwake. Nyota kubwa sana haisubiri: huwaka ikiwa bado inavuta, na mwanga wake mkali husukuma vumbi nje kama upepo unavyopeperusha makapi.

Agosti 1979 afisa mmoja wa elimu alitembelea darasa hilo. Hilaria, mpishi wa kantini, akauliza: "Sasa Mwalimu, kama yenyewe inapeta nje chakula chake, inashibaje?"

Qamara alijibu kwamba hajui, na wataalamu wenyewe bado wanalitafuta jibu.

"Mwalimu mzima, hujui?" afisa akasema. Darasa likacheka. Jarida hili la shamba likatoa habari yenye kichwa "Mwalimu Sijui", bila kumuuliza Qamara neno. Wiki iliyofuata darasa lilifungwa. Wanafunzi walikuwa thelathini na wanane. Vijana wa matrekta wakaanza kumsalimu, "Shikamoo, Mzee Sijui!" Aliitikia marahaba kila mara.

Mwaka 1988 mhadhiri wa fizikia alikuja Katesh kumwona ndugu yake, tukamwalika shambani azungumze. Hilaria aliuliza swali lile lile. Mhadhiri akatabasamu: "Mama, hilo bado hatujalijua vizuri."

Tulimpigia makofi. Qamara alikuwa mstari wa tatu. Naye alipiga.

Hakuna aliyemwomba radhi siku ile, wala katika miaka miwili iliyofuata. Jarida linaomba radhi leo. Habari ya 1979 ilimdhalilisha mtu aliyesema kweli, na aliyeiandika ndiye anayeandika wasifu huu.

Mwezi uliopita uongozi ulimwomba abaki afungue darasa upya. Alishukuru, akakataa. Hilaria alimfuata stoo kumsihi: "Mwalimu, hata mimi peke yangu nitakuja." Qamara alimjibu kwamba wanafunzi wenzake wametawanyika, na yeye mwenyewe amechoka.

Mzee Qamara, asante kwa kazi, na kwa masomo tuliyoyakatiza. Tunakuombea afya njema na mvua za wakati wake huko Daudi. Hatudai msamaha wako; ukiamua kutunyima, utakuwa na haki.