Sahihi ya Saa Nane ya Mzee Taratibu

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mfagizi wetu mkongwe anakabidhi funguo za stoo. Tunamwita Mzee Taratibu, maana hakuna aliyewahi kushuka ngazi zetu mbio bila kuambiwa aende taratibu.

Alianza kwenye maegesho ya magari, akapanda hadi kusimamia usafi wa ghorofa zote sita. Alitutambua kwa viatu kabla ya kuona sura. Siku moja alimsimamisha mwenye jengo mwenyewe chini ya ngazi, mkoba mkononi, mpaka sakafu ikauke. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, ila kwa kujificha.

Kisha fundi cherehani wa ghorofa ya pili akateleza ngazini mchana, akavunjika nyonga, akamshtaki mwenye jengo kwa uzembe. Wakili wetu alitegemea daftari la usafi: lilionyesha kuwa saa nane ngazi zilikaguliwa zikakutwa kavu, na sahihi ya Mzee Taratibu ipo. Tulijua tumeshashinda.

Kumbe sahihi zote za siku zilikuwa zikiwekwa asubuhi. Huo ulikuwa utaratibu wangu mimi, karani wa ofisi, nisiyetaka kuhangaika na daftari jioni. Aliupinga mara mbili, nikamwambia asinipotezee muda.

Mahakamani alisema kweli. Saa nane ile alikuwa ghorofa ya sita akikausha maji ya bomba lililopasuka, na ngazi hakuzikagua. Alipoulizwa nani alimwagiza kusaini mapema, alijibu kwamba mkono uliosaini ni wake. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya tatu.

Mwenye jengo akashindwa kesi. Mzee akavuliwa usimamizi, akarudishwa kufagia maegesho kwa miaka yake minne ya mwisho, na wengi wetu tukaacha kumsalimu, eti ametuuza. Aliyekuwa akimpelekea chai ni yule fundi cherehani, na mkongojo wake.

Mzee wetu, ahsante, ingawa imechelewa mno. Leo asubuhi nimemwandikia mwenye jengo barua ya kumtaja aliyeagiza sahihi zile, na nakala nimeibandika kwenye ubao wa matangazo. Najua hairudishi hata siku moja. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wa kukuchosha. Mimi nakuomba radhi, na usiponisamehe, nitaelewa.