Safu ya Jumamosi Yapata Wenyewe Wawili

Marehemu, ambaye wasomaji walimjua kama Mzee wa Jumamosi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1950, katika chumba cha nyuma ya duka la babake, fundi saa. Alikuwa kifungua mimba. Mdogo wake alipozaliwa, alikataa kumtazama wiki nzima. Wivu alianza nao mapema, wala hakuuficha.

Alimaliza sekondari mwaka 1968. Mwaka 1971 aliajiriwa gazetini kama msahihishaji, na mwaka 1979 akapewa safu yake ya kila Jumamosi: mambo ya dunia, mpira na sinema. Alianza na bajeti ya serikali, akampitia kipa aliyetoka golini bila sababu, akamalizia na filamu iliyomliza huku akiiponda. Mwandishi mwingine akisifiwa mbele yake, chai ilimshinda kunywa.

Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea. Walipenda kwenda sinema pamoja, na bibi huyo ndiye aliyemnong'oneza gizani ni mwigizaji gani hajiamini.

Mwaka 2019 kisukari kilimfifisha macho, akawa anasema, mkewe anaandika. Alipolazwa, mkewe akaijaza sehemu ya sinema mwenyewe. Mhariri akaja wodini na uso wa furaha.

"Mzee, hii ya sinema umejipita."

"Si yangu," akasema, akageukia ukutani.

Alimnunia mkewe hata baada ya kurudi nyumbani, mpaka bibi akachoka.

"Ukitaka niache, sema."

"Sijasema uache."

"Sasa unataka nini, baba watoto?"

"Ungeandika vibaya kidogo."

Bibi alicheka hadi akakaa chini. Marehemu hakucheka, ila kesho yake alimpigia mhariri simu, akamwagiza sehemu ya sinema itoke kwa jina la mkewe. Tangu hapo, gazeti likifika, alitaka asomewe ya mkewe kwanza, akiwinda kosa.

Mwaka jana figo zilianza kushindwa. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, binti yake alimsomea ya mkewe, naye akaomba irudiwe.

"Hiyo aya ya mwisho," akamwambia mkewe, "mimi nisingeiweza."

Alisema hivyo kwa uchungu, bila kuuachia mkono wa mkewe. Mchana huo akaaga dunia.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake mmoja. Moyo wake sasa utulie, apumzike kwa amani.