Kalamu ya Mkono Mmoja

Mgeni rasmi, Msajili Mkuu wa Vizazi na Vifo;
Mkuu wetu wa Kitengo;
Bi Nukta, mwenzetu ambaye leo inasemekana tunamuaga;
Mabibi na mabwana:

MAKARIBISHO

Karibu sana katika Chumba cha Vitabu. Kiti ulichokalia ndicho pekee kisichoyumba, tumekitafuta tangu jana.

Tulikuwa na risala nyingine. Mkuu wetu aliisoma Jumatatu, akaipenda, akaigonga muhuri. Ilikuwa ya ukurasa mmoja na neno "adhimu" lilikuwamo mara nne. Hii si ile. Mkuu atakapogundua hivyo atakohoa, na kwa kuwa tunamfahamu, tumeacha hapa nafasi ya mstari mmoja kwa ajili ya kikohozi hicho.

. . .

Ahsante. Tunaendelea.

Utuwie radhi tukisoma mbiombio. Anayesoma ni karani wa vifo, ambaye kwa kawaida hana haraka. Sisi wanane tuliosimama nyuma yake hatujatulia tangu asubuhi, chai imepoa kwenye vikombe na hakuna aliyeigusa. Mbele yako kuna barua mbili, kalamu mbili, kichupa cha wino na kigogo cha mti chenye matundu. Tunakuomba usiguse chochote kati ya hivyo mpaka tumalize. Hasa ile barua ya juu.

Na Bi Nukta naye tunamwomba radhi. Kwa miaka ishirini na moja risala zote za chumba hiki ziliandikwa kwa mkono wake. Hii hajaiona, na ndiyo maana mistari imepinda.

HISTORIA YETU NA WINO

Mgeni rasmi, yapo mambo ya ofisi hii ambayo hayamo kwenye taarifa ulizoletewa. Mojawapo ni Mwaka wa Wino wa Maji.

Zamani alikuwapo karani mmoja aliyewajazia wenzake wote kalamu kila asubuhi. Alikuwa mkarimu, Mungu amrehemu, na alikuwa mvivu wa kwenda stoo. Wino ulipopungua aliongeza maji. Siku hiyo maandishi yalionekana, na mwaka huo wote yalionekana. Miaka saba baadaye akina mama walianza kuja kutafuta vyeti vya watoto wanaoanza shule, na ukurasa ukifunguliwa ulikuwa mweupe. Mtoto amesimama pale kaunta, ana meno na kelele zake, lakini kitabuni hayumo.

Aliyegundua sababu alikuwa msichana mwenye mwaka mmoja tu kazini. Alikuwa na tabia ya kurudi nyuma kurasa kumi kila jioni kuhakikisha hakuna herufi iliyokosa nukta yake, ndipo jina la Nukta likamganda. Ni yeye aliyeandika pendekezo, na pendekezo lake likawa Kanuni ya Kumi na Nne, ile iliyobandikwa juu ya kichwa chako: kila atiaye wino katika vitabu au barua za chumba hiki ajaze kalamu yake mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kichupa kilichofunguliwa mbele ya watu, na mtu asimjazie mwenzake. Kalamu za kawaida za dukani haziruhusiwi, kwa kuwa wino wake haudumu.

Tangu kanuni hiyo ianze, hakuna jina hata moja lililopotea hapa. Tunaomba uikumbuke, maana tutairudia.

CHANGAMOTO

Chumba cha kumbukumbu kina mlango wa chuma, na kitasa chake kilikufa. Tulimwandikia Mkuu barua ya kwanza, tukaandika ya pili, na ya tatu tuliiandika kwa herufi kubwa. Nakala tunazo.

Siku ile Bi Nukta alikuwa anatoka na daftari kifuani, mkono wa kulia umelikumbatia, wa kushoto umeshika fremu. Mlango ulijirudi wenyewe, ukaubana mkono huo wa kushoto. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Daftari lipokeeni, lisianguke." Hatusemi Mkuu wetu ni mtu mbaya. Ndiye aliyevua koti akamfunga nalo mkono, ndiye aliyekimbia naye hospitali, na tulimwona akilia kwenye korido. Lakini kitasa kilitengenezwa kesho yake, na mkono haukutengenezeka. Upo, ila vidole havikunjiki tena.

Alirudi baada ya miezi minne. Tulikuwa tumempangusia meza. Alikaa, akafungua daftari lake la themanini na nane, ambalo lilikuwa limebakiza kurasa arobaini, kisha akachukua kalamu ili aijaze.

Mgeni rasmi, huenda huna sababu ya kujua kalamu hizi zinajazwaje. Unafungua mkia. Unashika shina kwa mkono mmoja, unatumbukiza nibu kwenye wino, na kwa mkono wa pili unazungusha kifundo cha nyuma mpaka wino upande. Kichupa nacho hakitulii, kinataka kushikwa. Mtu mwenye mikono miwili hutamani wa tatu.

Alibana kichupa kwa magoti. Alibana shina kwa kwapa. Alijaribu kuzungusha kifundo kwa meno. Kichupa kilipinduka, sketi ikalowa wino mpaka chini, na sisi tulisimama tu, hatujui tutazame wapi. Mkuu alitazama dari.

"Bi Nukta," alisema taratibu, "wahenga hawakukosea. Mkono mmoja haulei mwana."

"Mwana nilishamlea, Mkuu, sasa hivi ana wanawe," alijibu. "Hapa nalea daftari."

Tukacheka. Kisha tukaacha, kwa sababu yeye hakucheka.

Kesho yake karani wa ndoa alimfuata stoo akamnong'oneza, "Dada, leta nikujazie. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Kanuni hii niliiomba mimi. Leo unataka nianze kuivunja mimi?"

Alisema hivyo akiwa amegeukia rafu, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Tulimwonea uchungu, na tuliona aibu, kwa kuwa sote tulikuwa tumeshapanga zamu za kumjazia.

Mkuu alimpa kazi ya kumshughulisha wakati barua za kumstaafisha zikizunguka. Alimkabidhi mafungu ya hati za wakunga zilizofungwa kamba, anakili upya kutoka humo kitabu cha Mwaka wa Wino wa Maji. Kwa kuwa ni nakala tu na si kitabu rasmi, Kanuni ya Kumi na Nne haikuihusu. Angeweza kujaziwa kalamu na yeyote na asivunje sheria ya mtu. Alikataa hilo pia.

MAFANIKIO

Mdogo wake Bi Nukta ni fundi saa, kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, na kelele za ugomvi wao zilitufikia hadi dirishani kwa majuma mengi.

"Dada, hii ni springi ya saa ya mezani, si kamba ya mbuzi. Ukiivuta hivyo itaruka."

"Ikiruka tutaitafuta."

"Jana tumetafuta mbili!"

"Basi leo tunajua zinapopendelea kwenda."

Alichokuwa anakitaka alikuwa nacho kichwani. Alikuwa ameona kwamba kalamu haihitaji mikono miwili, bali aliyeibuni alikuwa nayo miwili na hakuwahi kufikiria vinginevyo. Aliondoa kifundo cha kuzungusha. Ndani ya shina akaweka kifuko cha mpira kutoka kwenye kitonezi cha dawa ya macho, na ubavuni mwa kifuko ubapa mwembamba wa chuma. Nyuma kabisa akaweka kitufe. Unaishika kalamu kama unavyoshika fimbo, nibu ikiwa ndani ya wino, unabonyeza kitufe kwa kidole gumba, ubapa unakamua kifuko. Ukiachia, springi inarudi, kifuko kinavuta pumzi na wino unapanda. Kichupa kinakaa ndani ya kigogo hicho unachokiona, hakisogei. Tundu la pili ni la kushikilia kifuniko cha kalamu ili kivuliwe bila msaada.

Kalamu ya kwanza ilifanya kazi vizuri, na hapo ndipo ilipoleta balaa. Mkuu aliomba aichunguze. Alipomaliza aliitia mfuko wa shati, akaenda kikaoni, akaegemea meza. Kitufe kikabonyezwa na meza. Alirudi ana doa kifuani la ukubwa wa sahani ya chai, na wino wetu, kama jina lake lilivyo, ni wa kudumu. Shati lile hatukuliona tena. Wiki hiyohiyo aliandika barua iliyo juu hapo mbele yako, na humo ameiita kalamu hiyo "kifaa hatarishi".

. . .

Nafasi hiyo nayo tulikuwa tumeiacha makusudi.

Ila, Mkuu wetu mpendwa, barua yako inazungumzia kalamu ya kwanza. Iliyo mezani leo ni ya tatu. Bi Nukta hakukasirika kwa lile doa. Baada ya siku mbili alivuka barabara na kumwambia mdogo wake, "Kosa si la meza. Kitufe kinamtii kila mtu." Wakajaribu ya pili, na kwenye ya tatu wakaongeza pete nyembamba ya shaba chini ya kitufe. Kidole gumba kikiizungusha robo mzunguko, kitufe kinafunguka. Ikirudishwa, kitufe kimelala, hata ukikikalia. Karani wa ndoa alikikalia mchana kutwa akiwa na suruali nyeupe, na suruali iko salama.

Kwa kalamu hiyo ya tatu, katika majuma kumi na moja, Bi Nukta ameandika upya majina elfu moja mia mbili arobaini na sita. Hakuna doa. Kitabu kiko kulia kwako. Wiki iliyopita alikuja kijana mmoja mrefu kuuliza cheti, tayari ameshakata tamaa, maana ameshafukuzwa kaunta hii mara tatu. Alionyeshwa jina lake. Aliligusa kwa kidole, kisha akauliza, "Halifutiki hili?" Bi Nukta akamwambia, "Lisugue." Alilisugua mpaka kidole kikawa chekundu, jina likabaki pale pale.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tumefika. Hatuombi viti wala feni.

Barua ya juu inamstaafisha Bi Nukta kuanzia leo kwa sababu hawezi kujaza kalamu. Barua ya chini tumeiweka sisi asubuhi hii, na kama kuna kosa ni letu sote tisa. Inaiidhinisha kalamu yake itumike katika vitabu vya kudumu, na inamrudisha kwenye daftari la themanini na nane, ambalo limefunikwa kitambaa kwenye meza yake, kurasa arobaini zikimngoja. Zote mbili zinahitaji saini yako tu.

Utaona kwamba kalamu yake imo kati ya vifaa alivyokabidhi. Aliambiwa arudishe vifaa vyote vya kazi. Tulimwambia hiyo ni mali yake, ameitengeneza mwenyewe. Alisema, "Ya nini nyumbani? Niandikie nini?" Akaiweka mezani, akaipanga sawa na ya ofisi, akakaa. Hatujawahi kumsikia akisema neno lililotuumiza kama hilo.

Sasa basi. Kalamu zote mbili ni tupu. Hatukusahau kuzijaza. Kanuni ya Kumi na Nne inasema kila atiaye wino, na haikumtaja karani peke yake. Nasi haturuhusiwi kukujazia.

Tunakuomba, kwa heshima zote, mkono wako wa kushoto uuweke mapajani, kama yeye alivyouweka sasa hivi. Anza na kalamu ya ofisi. Jaribu kadiri upendavyo. Tumetandika kitambaa chini ya meza na maji ya kunawa yapo. Ikikushinda, ichukue ile yenye pete ya shaba. Robo mzunguko, bonyeza, achia.

Kisha tia saini barua unayoona ni ya haki. Tutaipokea yoyote, sisi ni watumishi. Ila ukitia saini ile ya juu, utakuwa umemwondoa kwa kujaza kalamu kwa mkono mmoja, jambo ambalo barua hiyo inasema haliwezekani.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akulindie mikono yako yote miwili, na auongoze huo utakaoutumia sasa.

Ni sisi, makarani wa Chumba cha Vitabu. Tuko kumi. Sahihi zilizo hapa chini ni tisa, na mstari wa kumi tumeuacha wazi, kwa kuwa mwenye mstari huo amekabidhi kalamu yake.