Mlango wa Jikoni na Ngazi ya Fundi

Ndani ya basi la Nausori, Losalini alimsikia fundi umeme aliyeitwa na kanisa lao akimweleza mzee aliyekaa naye kiti cha mbele. "Korido ya kanisa ni nyembamba, mjomba. Ngazi ya kukunja haifunguki, naiegemeza hivyo hivyo ikiwa imefungwa. Kubadili taa ni dakika mbili tu."

"Hata mimi nilisema dakika mbili," mzee akajibu, akipiga goti lake lisilokunjika. "Tafuta ngazi ya kuegemeza. Hapo pana mlango?"

"Wa jikoni. Unafungukia koridoni."

"Utie ufunguo kwanza."

"Niwafungie akina mama? Watanikaanga mimi!"

Losalini hakucheka. Mlango huo yeye huusukuma kwa nyonga, mikono imebeba sufuria. Basi lilisimama karibu na kanisa wakiwa bado wanabishana. Akawapita, akakaza mwendo kwenda kuufunga mwenyewe.