Mama Domitille Kabulo, Aliyeyapitisha Maji Uani Kwake

Kasaji, 14 Septemba 1961 – Kolwezi, 9 Machi 2025

Ndugu, jirani na rafiki mliokaa nasi katika kilio hiki tangu Jumapili, asanteni. Kabla hatujamshusha mama yetu kaburini, tunaomba mtusikilize kidogo tuseme alikuwa nani.

Marehemu Mama Domitille Kabulo alizaliwa Kasaji tarehe 14 Septemba 1961, mtoto wa tatu wa Tata Ngoyi Kabulo, mfanyakazi wa reli, na Mama Ernestine Mujinga, mkulima wa mihogo. Wazazi wake walitokea upande wa Kabongo. Reli ndiyo iliyowaleta. Alibatizwa katika Kanisa Katoliki hapo hapo Kasaji. Mdogo wake, Tata Dimitri, anakumbuka kwamba utotoni dada yake hakukubali kubebwa. Alimfuata mama yao hadi shambani huku akilia kwa uchovu, na ukiinama umweke mgongoni, anakukimbia.

Alisoma shule ya msingi kwa masista wa Kasaji. Mwaka 1973 aliletwa Kolwezi kwa shangazi yake ili aendelee na sekondari, sehemu ya biashara na ukarani. Vita ya Mei 1978 ilimkatiza masomo; alirudi Kasaji kwa muda, akalima na mama yake, kisha akarudi darasani na wenzake waliobaki. Alipata diploma mwaka 1981.

Mwaka 1982 aliajiriwa katika ofisi ya komini, yaani manispaa, kama mpiga chapa. Alifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2016, pamoja na ile miaka mirefu ambayo mshahara ulikuwa jina tu, naye akauza unga wa mahindi mbele ya nyumba baada ya saa za kazi. Ofisini ndipo alipompata mume wake. Tata Zakaria Mwepu, mchomeleaji katika kampuni ya madini, alikuja kila baada ya siku chache kuomba hati ya ukaazi. Mara ya nne Mama alimtazama juu ya mashine yake.

"Tata, umehama tena?"

"Bado, mama. Minatafuta mwenye kuhama na mi."

Walifunga ndoa tarehe 4 Agosti 1984. Mungu aliwapa watoto watatu: Darlène, Dodo na Rachelle. Walinunua kiwanja katika mtaa wa Kamimbi, bondeni, wakati huo bado ni nyasi tupu. Kazi ya kampuni ilipodorora, Tata Zakaria alijenga vyumba viwili uani kwa mikono yake, vya kupangisha, ili mke wake asibaki bila kitu. Alifariki mwaka 2009. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyomlipia Rachelle masomo mpaka akamaliza.

Sasa tuseme habari ya maji, maana kumsimulia Mama bila maji ni kumsimulia mtu mwingine.

Mtaa wa juu ulipotiwa lami, wenye magari walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini hakuna aliyeuliza mvua ya kule juu itaenda wapi. Ilikuja kwetu. Januari 2019 maji yalishuka mchana kwa nguvu ambayo hatukuwahi kuiona, yakabomoa ukuta wa nyumba ya jirani yetu, Mama Rahima, muuza mafuta ya mawese sokoni. Binti yake Bilkisi alikuwa ndani. Mama Domitille ndiye aliyeuosha mwili wake pamoja na wanawake wa msikitini, kwa ruhusa yao, kwa sababu Rahima hakuweza kusimama.

Baada ya mazishi vijana walitaka kupanda juu wakaivunje ile barabara. Mama aliwazuia mlangoni kwake, akaondoka peke yake kwenda kwa shefu wa mtaa, Tata Polycarpe, ambaye Mama alimjua tangu shefu huyo akiwa karani mdogo katika ofisi ya komini.

"Shefu, barabara ya kule juu banaitengeneza muzuri, maji yote banaitupa kwetu. Mutoto amekufa."

"Mama Domi, minajua. Lakini mi niko shefu ya kuitwa shefu. Sina mashine, sina hata pikipiki."

"Basi twende pamoja. Weye na muhuri yako, siye na bantu."

Hivyo ndivyo kamati ya Kamimbi ilivyoanza. Msidhani ilikuwa jambo la kusisimua. Ilikuwa benchi. Mama na Tata Polycarpe walikalia benchi la komini mpaka mlinzi akawazoea. Waliahidiwa, wakasubiri, burugumesta, mkuu wa komini, akahamishwa, aliyekuja akaomba aelezwe upya tangu mwanzo, nao wakaeleza upya tangu mwanzo. Tata Polycarpe alisema juzi kwamba mara nyingi alikuwa tayari kuacha, lakini aliona haya, kwa sababu Mama alikuwa anamtangulia kufika. Mama mwenyewe hakujisifu kwa hilo. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akaweka miguu ndani ya beseni la maji.

Mwaka 2022 komini ilikubali mfereji uchimbwe. Ingetoa mashine, saruji na fundi. Wakazi wangechimba sehemu ya chini na kufungua njia. Fundi alitembea na watu wetu mvua ikinyesha, akaona maji yanakotaka kupita: moja kwa moja kwenye uwanja wa depo, ghala la tajiri mmoja wa mtaa wa juu. Tajiri akakataa. Komini ikamwita, hakuja. Ikamwita tena, akatuma mwanasheria. Mwishowe fundi alichora mstari mwingine, na Mama, aliyepigania ule wa kwanza mpaka sauti ikamkauka, alielewa kwamba hapo ameshindwa. Mstari mpya ulikuwa na njia mbili tu: kuiondoa nyumba yote ya Mama Rahima, au kuviondoa vile vyumba viwili vya Tata Zakaria.

Darlène anaomba yasemwe haya kama yalivyokuwa. Mama aliposema vyumba vyake ndivyo vivunjwe, yeye alimpigia kelele mbele ya watu.

"Mama, ile ni mikono ya papa! Utakula nini?"

"Papa yako alijenga ili bantu balale. Rahima atalala wapi?"

"Na yule tajiri je? Juu ya nini yeye hatoi kitu?"

"Sijui, mwanangu," Mama akasema. "Ile nayo inanichokesha."

Wapangaji walipopata pengine pa kukaa, Mama aliomba mabati yatolewe polepole, yasipindwe. Mashine ilipoanza kuvunja kuta aligeuza kiti akatazama upande wa barabara. Vumbi lilimfunika nywele. Siku hizo hizo maneno yalitembea mtaani: shefu amemnunua, Mama Domi amekula na komini. Waliosema hivyo wengine tuko nao hapa leo, na hatuna kinyongo. Yeye alifagia vumbi, kesho yake akashika jembe.

Mfereji ulikamilika Desemba 2023. Ulichimbwa na wafanyakazi wa komini pamoja na wakazi, Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu, kila Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa. Mvua za Januari zilishuka kama kawaida yake, zikapita uani kwa Mama, zikaendelea chini, na hakuna ukuta ulioanguka Kamimbi. Watu walicheza ngoma. Mama alisimama kandoni, akatazama chupa za plastiki zilizokuja na maji, akasema, "Hizi nazo, nani atazitoa?" Na kweli, tangu hapo salongo ikapungua watu, na gari la taka la komini likaja siku linapotaka.

Ugonjwa wa shinikizo la damu ulimwanza mwaka 2021. Alikunywa dawa alipokumbuka. Agosti 2024 upande wake wa kushoto ulilegea. Alipata nafuu, akarudi kamatini kwa fimbo. Februari mwaka huu alipigwa tena na kiharusi, akalazwa hapa Kolwezi.

Wiki ya mwisho, Tata Polycarpe alikwenda kumwona. Mama Rahima alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, akimkanda. Rahima hakuwahi kuingia kamatini. Alisaidia kupika siku za salongo, lakini mfereji wenyewe alikuwa anaupita akitazama pembeni, na hakuna aliyemlaumu.

"Bamefukua taka?" Mama aliuliza, ulimi ukiwa mzito.

Shefu hakumdanganya. "Bado, mama. Bantu bamechoka."

"Na mi nimechoka, shefu. Nimechoka tangu zamani." Alivuta pumzi. "Nani atakwenda na weye kwa komini?"

Tata Polycarpe aliangalia kofia yake. Mama Rahima hakuacha kukanda miguu.

"Mi," akasema. "Nitaenda na shefu Jumatatu."

Mama alimtazama muda mrefu, akafumba macho, akalala usingizi wa kawaida. Alituaga Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, alfajiri, Darlène akiwa amemshika mkono. Kesho yake, kilio kikiendelea, Rahima alifunga kitambaa kichwani akaenda komini kama alivyosema.

Marehemu ameacha watoto watatu, Darlène, Dodo na Rachelle, wakwe wawili, wajukuu sita, mdogo wake Dimitri na familia yake ya Kasaji na Dilolo, Mama Rahima, ambaye familia inamhesabu kuwa dada, shefu Polycarpe, na wakazi wa Kamimbi.

Mama, hakuna benchi linalokungoja leo. Lala, upumzike. Mungu akupokee kwa utulivu.