Kipimo Changu cha Sukari Si Pepo

Wapendwa, Bwana apewe sifa! Mimi ni Mama Tumaini wa hapa Itaka. Leo nashuhudia nikiwa na hasira, na Mungu anaijua.

Naugua kisukari, najichoma insulini kila siku. Nimeshaanguka shambani kwenye kahawa, nimeanguka hata jikoni, moto unawaka. Sukari ilikuwa inashuka bila hodi. Ndipo wifi yangu aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akaniletea kipimo cha kubandika. Ni kiduara kidogo, kinakaa kwenye ngozi ya mkono, na sukari ikishuka simu inalia. Ndugu zangu, nilipata usingizi niliokuwa nimeusahau!

Basi akaja mhubiri mgeni kwenye ibada yetu ya nyumbani. Katikati ya maombi, simu ikalia. Nikainuka nitafute kitu kitamu. Akanikamata bega.

"Kaa chini! Hiyo mkononi ni alama ya mnyama, na pepo lake limeanza kulia!"

Ndugu zangu! Jasho linanitoka, mikono inatetemeka, ulimi mzito, na watu wazima wamenizunguka wanapiga makofi: "Toka! Toka!" Wengine ni majirani waliowahi kunibeba nilipoanguka. Walijua ninaumwa! Nilisema "sukari", hakuna aliyesikia. Moyoni nikalia: Yesu, wananiua kwa jina lako!

Mungu akamwinua mama mkwe wangu, ambaye kwa maombi hapa kijijini hakuna anayemfikia.

"Mwacheni mkwe wangu! Hana pepo huyu, sukari imeshuka!"

Akawasukuma, akanishikia kikombe cha chai iliyokolea sukari mpaka nikamaliza. Macho yakafunguka.

Na yule mhubiri, bila haya, akapaza sauti: "Mmeona? Pepo limetoka!" Akanyoosha mkono akibandue kipimo.

Nikamshika kiganja. "Usiguse! Mungu ananitunza kwa hiki. Wewe ulikuwa unanizika."

Aliondoka amenuna. Lakini nasikia anazunguka vijijini akisimulia kwamba alinifungua. Uongo! Nimeokolewa, ndiyo, na aliyeniokoa ni Yesu, kwa mkono wa mama mzee na kikombe cha chai.

Wewe uliyeambiwa utupe vidonge vyako ili imani yako ionekane, njoo hapa mbele. Mtumaini Bwana. Tutakuombea, dawa zako zikiwa mfukoni. Amina!